Pole ya Kiingereza

Saa moja asubuhi, baridi ya kijiji cha Daudi ikiwa bado imekaa juu ya majani ya maharage, Imakulata aliweka ndoo chini ya bomba lililo uani kwa Mama Sara, akakaza kanga juu ya sweta, akakohoa kidogo kusafisha koo, akasema, "Hurei!"

Maji yakatoka. Ndoo ilipojaa yalikatika yenyewe, naye akajitwisha akaondoka. Nyuma yake alikuwa Ezekiel, mwenyekiti wa kitongoji, na madumu mawili kwenye baiskeli. Ezekiel hutumia "bravo," kwa sababu anaona hurei ni ya watoto na yeye ni kiongozi. Alisema bravo ya kwanza, akabadilisha dumu, akasema ya pili, akafunga madumu kwa mpira wa baiskeli na kuteremka na njia.

Koki ilikuwepo, tena ya shaba, nzuri kabisa. Ungeweza kuizungusha kulia na kushoto mpaka mkono uchoke, isingekupa kitu. Bomba lile lilitoa maji likisikia mtu anafurahi kwa Kiingereza, basi. Kama umefurahi kweli au hukufurahi, halikuwa na habari. Lilitaka neno liwe lenyewe, litamkwe vizuri, na lisikike.

Watu walijaribu njia nyingine mwanzoni, kama mtu yeyote mwenye akili angejaribu. Imakulata alipiga vigelegele vya kumtoa bibi harusi ndani, vile vinavyofika hadi ng'ambo ya bonde, bomba likakaa kimya. Katekista akajaribu aleluya; bomba likasita, likatoa kikombe kimoja, na ubishi wa kama aleluya ni Kiingereza au siyo haujaisha mpaka leo. Vijana walipiga kelele za goli, wakapata matope. Kongratulesheni ilikuwa na maji mengi kuliko yote, iliweza kujaza pipa, ila wazee wengi waliishia katikati ya neno, na maji nayo yakaishia hapohapo.

Kamati ya maji ilikaa kikao kimoja tu juu ya jambo hilo. "Kila mradi una masharti yake," alisema Ezekiel. "Wale wa mbuzi walitaka tuchimbe vyoo kwanza. Hawa wanataka tufurahi." Hakuna aliyekuwa na swali, wakahamia kwenye ajenda ya uzio.

Kabla ya bomba palikuwa na chemchemi. Ilitoka kwenye mwamba chini ya shamba la Mama Sara, na tangu enzi za babu zake mtu alikwenda, akainama, akachota, akaondoka bila kumwambia yeyote neno. Wafadhili walipokuja waliwaona watu wanainama, wakahuzunika sana. Chemchemi ikafunikwa kwa zege, zege likawekewa mfuniko wa chuma, mfuniko ukapigwa kufuli, na ufunguo ukaenda Arusha. Bomba lilihitaji mahali pa kusimama. Mama Sara, ambaye jina lake mwenyewe ni Qamara ingawa wanaolitumia ni wachache, alitoa kipande cha ua wake bure, hatua chache kutoka mlangoni. Kwa shukrani alipewa kiti cha plastiki cha mbele siku ya uzinduzi.

Siku hiyo ndipo bomba lilipoharibika, au lilipoelimika, inategemea unamuuliza nani. Afisa wa mradi, dada mmoja aitwaye Doris, alimwomba Mwalimu Cyprian wa shule ya msingi awapange watoto, na bomba likifunguliwa wapige kelele za furaha kwa Kiingereza ili wageni waelewe. Mwalimu akawafundisha hurei. Bomba likafunguliwa, watoto wakapaza sauti, lakini upepo ukaingia kwenye kipaza sauti cha kamera. Wakafunga bomba, wakarudia. Upepo ukaingia tena. Walirudia mpaka kivuli cha mlima kikafika uani, hurei na maji, hurei na maji, na walipomaliza bomba lilikuwa limeshazoea, kama ng'ombe anavyozoea mluzi wa anayemchunga. Wageni walitabasamu muda wote. Qamara, kwenye kiti chake, hakuona ajabu katika hilo. Wageni wale walitabasamu hata walipoonyeshwa choo cha shule kilichotitia.

Mwalimu Cyprian alikuwa mtu wa Bukoba. Serikali ilimpangia Daudi, na kwa muda mrefu Daudi haikumwona. Watoto walisoma Kiingereza wakichungulia dirishani mbuzi wanavyopita, na wazazi walimsalimia kwa heshima kisha wakaendelea na mazungumzo yao kwa Kiiraqw. Sasa somo lake likawa maji. Jioni watu wazima walijipanga chini ya ukuta wa darasa, mashuka mabegani, wakitamka. Walimletea maziwa, maharage, na jogoo mmoja mwekundu ambaye hakuthubutu kumchinja kwa jinsi alivyompenda. Alitembea njiani akiitwa mwalimu, mwalimu, kutoka kila shamba. Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli, ingawa bomba halikumhitaji mtu yeyote afurahi kweli.

Aliwafundisha sauti. Maana hakuwafundisha wale wazee, kwa sababu hawakuuliza, na kwa sababu mtu akishapata maji haulizi sana.

Tabu kubwa ilikuwa h. Kiiraqw kina h inayotoka chini kabisa ya koo, huko ambako watu wa Bukoba hawajawahi kufika, na wazee waliipeleka h hiyo kwenye hurei bila kujua. Bomba halikuitaka. Qamara alijaribu mara chache, akaona haliendi, akaacha. Kwake maji yalichotwa na Sara, mtoto wake wa pekee, mwanamke wa miaka thelathini aliyekuwa na sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Sara alikuwa akisema hurei na kucheka hapohapo, na maji yake yalitoka yakirukaruka.

Mwishoni mwa masika Sara alipeleka vitunguu saumu Mogitu, kule Hanang, akarudi amekaa juu ya magunia kwenye lori lisilo na turubai. Mvua ilimnyeshea njia nzima. Alifika akitetemeka, akasema ni baridi tu, akanywa uji, akalala. Kifua kikambana. Walimpeleka hospitali, huko wakafanya waliloweza, na Jumanne asubuhi alirudishwa nyumbani amefunikwa shuka.

Huku Daudi, mtu akifa, jembe halishikwi na sauti haipazwi mpaka azikwe. Redio huzimwa. Mbwa anayebweka sana hufungiwa stoo. Hili halifundishwi, mtoto hulijua tangu mgongoni kwa mama yake. Lakini maiti lazima ioshwe, waombolezaji lazima wale, na mikono lazima inawe, na bomba lilikuwa palepale uani, mbele ya mlango ambapo Qamara alikuwa amekaa chini ameegemea nguzo.

Wanakamati walisimama nyuma ya jiko wakinong'ona. Mmoja alisema zege livunjwe. Ezekiel alisema zege la mradi likivunjwa watasumbuliwa mpaka wajukuu. Mwingine alisema wakachote kitongoji cha pili, na vijana wakaondoka na madumu, lakini huko ni mbali na maiti haisubiri. Kisha wote wakamgeukia Mwalimu Cyprian.

"Mwalimu," alisema Ezekiel, "Kiingereza hakina neno la msiba?"

Kilikuwa nalo. Kwenye kitabu cha sarufi hurei na alas zinakaa ukurasa mmoja. Katika sentensi ya kwanza timu imeshinda, katika ya pili babu amekufa. Mwalimu alikuwa akiipita ile ya pili haraka kila mwaka. Alikwenda kwenye bomba, akavua kofia, akasema, "Alas."

Bomba lilivuta pumzi. Maji kidogo ya kusuuzia yaliyokuwa kwenye ndoo ya Imakulata yalinyanyuka, yakapanda, yakaingia bombani. Imakulata aliigeuza ndoo akaipapasa ndani, akakuta hata unyevu haumo.

"Basi tafuta furaha ndogo," alimwambia mwalimu. "Ile ndogo kuliko zote."

Mwalimu alifikiri. Mtu mwenye cheti cha ualimu anaweza kuulizwa mambo mengi, lakini hili hakuwahi kuulizwa. Akakumbuka yei, ambayo watoto wa mjini huisema wakipewa biskuti. Aliinama karibu na bomba akanong'ona. Halikusikia. Ikabidi aiseme kwa sauti ya mazungumzo.

"Yei," alisema. Maji yakadondoka, kijiko kimoja hivi. "Yei. Yei. Yei."

Alisimama hapo muda mrefu ameupa mlango mgongo, akisema yei kama mtu anayeita vifaranga, na kila aliposema alisikia nyuma yake namna wanawake walivyonyamaza. Ndoo ilipofika nusu wakaichukua ndani, wakamwosha Sara kwa maji hayo. Mwalimu aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, hata siku ile chuoni alipopewa matokeo mbele ya wenzake. Alikwenda kusimama kwenye mahindi, akakaa huko mpaka wakati wa sala.

Siku ya kwanza watu wa kitongoji walivumilia. Siku ya pili ng'ombe walianza kulia mazizini na watoto wachanga walikuwa hawajaogeshwa. Mwanamke mmoja akaja, akasimama mbele ya bomba, akajifunika kanga mpaka usoni, akasema hurei ndani ya kanga. Akaja mwingine. Mchana foleni ilikuwa imefika barabarani. Walikuwa wakipita kwanza mlangoni kwa Qamara, wanapiga magoti, wanamwambia kwa Kiiraqw maneno ya kufariji, wanasimama, wanakwenda kwenye bomba, wanasema hurei. Imakulata alisema yake huku machozi yakimshuka. Ezekiel alivua kofia, akaishika kifuani, akasema bravo kama mtu anayekiri kosa polisi. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Maji yalitoka vizuri tu.

Baada ya maziko Qamara alimwita Mwalimu Cyprian.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu.

"Marahaba, mwalimu wangu. Kaa hapo."

Akakaa kwenye kigoda. Kutoka hapo liliweza kuonekana kaburi, udongo wake ukiwa bado mwekundu, na bomba, na watu wachache wakingoja.

"Hili neno la bomba," alisema Qamara. "Mimi silijui. Sara ndiye alikuwa analisema, nikimuuliza ananicheka. Nikafikiri ni la kuombea maji. Lakini siku hizi nimekaa hapa nawaangalia. Kila anayelisema anainamisha kichwa. Imakulata analisema analia. Mwenyekiti na la kwake anavua kofia. Maana yake ni nini?"

Mwalimu alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na chaki kwenye mikunjo. Kweli ilikuwa fupi, sentensi moja, na alikuwa nayo mdomoni tayari. Aliona uso wa yule mama ulivyomgeukia ukingoja, uso wa mtu anayemwamini mwalimu kwa sababu ni mwalimu.

"Ni pole, mama," alisema. "Ni pole ya Kiingereza."

Qamara alitikisa kichwa taratibu.

"Kumbe," alisema. "Siku zote hizi walikuwa wananipa pole. Na mimi sijamwitikia hata mmoja."

Kesho yake asubuhi alitoka na kigoda chake akakaa kando ya bomba. Mtu wa kwanza aliweka ndoo akasema hurei. "Asante," alisema Qamara. "Nimeshapoa." Wa pili akasema hurei. "Asante sana, nimeshapoa." Aliwaitikia wote mpaka jua lilipokuwa kali, na aliyekuja mara mbili aliitikiwa mara mbili. Watu waliulizana kwa macho. Habari ya mwalimu alichomwambia ilikuwa imeshaenea kabla ya saa nne, na hakuna aliyeitisha kikao. Walijua wote kwamba hawatamwambia. Lilikuwa jambo la kwanza kitongoji kizima kukubaliana bila Ezekiel kugonga meza.

Kwa hiyo ikawa hivyo. Wenye watoto shuleni walijua hurei ni shangwe. Wazee, ambao Qamara aliwafikishia habari nyumba kwa nyumba, walijua ni pole. Bomba lilipokea zote mbili. Timu ya shule ilipowafunga wenzao wa Tlawi, watoto walikimbia barabarani wakipaza hurei, na mzee Tomaso, aliyekuwa akipanda mlima na mkongojo, akasimama pembeni, akavua kofia, akauliza nani amefariki.

Mwalimu alijiambia atasema kweli Jumamosi. Jumamosi ilikuja na mvua. Akajiambia baada ya mitihani. Alianza kuchota maji wakati ambao Qamara huenda kulisha ng'ombe, na yule jogoo mwekundu akampa Ezekiel, kwa sababu kila alipowika asubuhi mwalimu alikumbuka alivyompata.

Kisha Doris akarudi na wageni na kamera, kuangalia maendeleo ya mradi. Safari hii walitaka mtu mmoja tu, yule aliyetoa ardhi. Qamara alivaa shuka lake jipya, akasimama kando ya bomba, akainamisha kichwa, akasema neno kwa h yake ya kooni na kwa huzuni yote aliyokuwa nayo. Bomba halikutoa kitu. Wageni wakatabasamu. Mmoja akamnong'oneza Doris.

"Bibi, changamka kidogo," alisema Doris. "Hili ni neno la furaha, siyo la msibani."

Ezekiel alikohoa. Imakulata akaanza kufuta kwa kanga ndoo ambayo ilikuwa safi. Qamara alimtazama Doris kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyevaa sweta nje ndani.

"Mwanangu," alisema, "wewe umelisikia kwa watu. Mwalimu amelisomea."

Wote wakamgeukia Cyprian. "Mwalimu?" alisema Doris.

Hapo ndipo angeweza kusema. Watu walikuwepo, Doris alikuwa ameshaufungua mlango, ilibaki yeye kupita tu. Alifungua mdomo, akamwona Qamara amesimama wima anamngojea, ana uhakika kabisa.

"Lina maana nyingi," alisema Mwalimu Cyprian. "Inategemea na mahali."

Qamara alimtikisia Doris kichwa, kama kumwambia umesikia, bila kujivuna. Doris alimwomba Imakulata aseme badala yake. Imakulata akasema, maji yakatoka, wageni wakapiga makofi, gari likaondoka. Picha ya Qamara waliichukua hata hivyo. Doris alisema maji yataongezwa ofisini.

Jioni hiyo mwalimu hakula. Alikuwa na aibu ya aina mbili sasa, ya kusema na ya kunyamaza, na hakujua ipi ni nzito. Akiwa bado amekaa mbele ya sahani yake alisikia hodi, na alikuwa Qamara, ana kibuyu cha maziwa mgando.

"Nimeona leo kwamba silisemi vizuri," alisema. "Bomba halikunielewa. Wafiwa ninaowapa neno hili nao pengine hawanielewi, wananiitikia kwa heshima tu. Nifundishe. Mtu akipewa pole apewe iliyonyooka."

Akamfundisha. Mwalimu mwingine pengine angekataa, lakini mwalimu gani humkataa mtu mzima aliyekuja mwenyewe kusoma? Alimwambia aweke kiganja mbele ya mdomo, h iwe pumzi tu, kama anapuliza majivu juu ya kaa. Qamara alipuliza. H ilikwama kooni, akapuliza tena. Alikuja jioni ile na jioni nyingine, akikaa kwenye dawati la mtoto magoti yakiwa yamepanda, akisema neno lile polepole, kwa uso mzito, akimkumbuka kila mara marehemu fulani ili alipate vizuri. Mara nyingi alimkumbuka Sara. Mwalimu alisema, "Vizuri, mama. Bado kidogo." Alipokuwa akiondoka, mwalimu alibaki ameshika chaki asiyoandikia.

Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, simu ya mwalimu ililia akiwa darasani. Alikuwa Benedict, mdogo wake, akipiga kutoka Bukoba. Mama yao alikuwa amefariki asubuhi, kwenye kiti chake, baada ya chai. Mwalimu Cyprian aliwaambia watoto wasome ukurasa unaofuata, akatoka nje, akasimama. Mwalimu mkuu alimpa ruhusa. Basi lilikuwa la kesho alfajiri. Alifunga begi, kisha akaona nyumbani hamna hata tone la maji ya kuoga, naye asingeweza kwenda kumzika mama yake na chaki mikononi. Akachukua ndoo, akateremka kwa Mama Sara.

Habari ilikuwa imetangulia, kama kawaida yake. Foleni ilikuwa ya watu wengi, wote wakampisha. Alifika mbele, akaweka ndoo, akanyooka. Alijua maneno yote. Alilijua refu la kujaza pipa, alilijua dogo la kijiko. Alifungua mdomo na halikutoka hata moja. Alijaribu tena. Alipolazimisha, ilitoka sauti ambayo haikuwa ya lugha yoyote.

Alitazama nyuma kuomba msaada. Imakulata aliangalia pembeni. Ezekiel alikuwa akikagua tairi la baiskeli yake. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kufurahi mbele ya mwalimu siku hiyo. Walikuwa wameshafanya hivyo uani hapo mara moja na walijua ladha yake. Wakasimama hivyo, ndoo tupu, ng'ombe mmoja akilia ng'ambo.

Mlango ukafunguliwa. Qamara alitoka bila viatu, shuka begani, akaja moja kwa moja. Alimshika mwalimu mikono yote miwili, ile yenye chaki, akamtazama usoni. Machozi yalikuwa yakimtoka, akayaacha. Alivuta pumzi kidogo kama alivyofundishwa.

"Hurei, mwalimu wangu," alisema.

H ilikuwa pumzi tupu. Hakuna mtoto aliyewahi kupita darasani kwake aliyeitamka namna ile. Nyuma yao bomba lilifunguka lote, maji yakapiga chini ya ndoo kwa kishindo, yakapanda, yakajaa, yakamwagikia miguu yao wote wawili.

"Hurei kwa mama," alisema Qamara. "Hurei sana."

Mwalimu Cyprian aliona aibu ikimpanda kutoka kwenye miguu iliyolowa mpaka usoni, na ndani ya aibu hiyo, kitu ambacho hakukitegemea, aliona kwamba Qamara ndiye mtu wa kwanza kumpa pole tangu simu ile ilipolia. Wengine wote walikuwa wameangalia pembeni.

"Asante, mama," alisema. "Nimeshapoa."

Akainama akaiondoa ndoo yake. Maji yakakatika. Watu walisubiri kidogo, kwa adabu, mpaka ikaonekana wamesubiri vya kutosha. Kisha Imakulata akasogea na dumu lake, akaliweka chini ya bomba, akakaza kanga.

"Mama Sara," alisema, bila kumwangalia mtu, "mpe pole tena."

Qamara akampa.